Gari jipya la fowili limegoma porini: limevunjika au limekataa?

Kila mwaka mvua zikikatika na msimu wa wageni ukianza, gereji huwa na mabishano yale yale. Huyu anasema fowili za siku hizi, yaani magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ni za mjini, zimejaa waya, peleka Natron uone. Yule anajibu kwamba hizo Land Cruiser za zamani zinazosifiwa, mwenye nazo ndiye anayejua anamlipa fundi kiasi gani kila mwisho wa mwezi. Nimefungua magari ya aina zote mbili kwa miaka, mengi yakirudi kutoka Serengeti, Loliondo na Ziwa Natron, na naona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Chuma cha gari jipya hakina tatizo. Breki zake ni bora, nguvu yake ni nyingi kwa injini ndogo, na kwenye mchanga lina akili kuliko madereva wengi. Tofauti iko kwenye namna linavyofika mwisho wake. Gari la zamani huvunjika: springi inakatika, unaisikia, unaiona, unaifunga kwa mpira wa tyubu na kuendelea na safari. Gari jipya mara nyingi hukataa. Kompyuta imesoma namba isiyoipenda, basi inabana nguvu au inazima injini kabla haijajiua. Kwa hiyo kabla hujatoa spana, jiulize: limevunjika, au limekataa? Kama limekataa, anza na kile kidude cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu, kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha majibu kwenye simu. Bei yake haifiki hata ya tairi moja, na sijui kwa nini watu wananunua taa za paa kabla yake.

Nguvu imepungua ghafla, taa ya injini inawaka, gari halipiti spidi 60

Hii ndiyo kesi ninayopigiwa simu kuliko zote, na dereva huwa ameshajihukumu: "Turbo imekufa." Mara nyingi haijafa. Zima injini, subiri dakika mbili tatu, washa tena. Nguvu ikirudi halafu ikapotea kwenye mlima wa kwanza, ujue hewa au mafuta hayafiki ya kutosha pale injini inapoomba mengi. Soma kodi. P0299 ina maana hewa ya turbo haitoshi. P0087 ina maana presha ya dizeli imeshuka kwenye reli, lile bomba linalogawa dizeli kwa nozeli zote. Hizo mbili zinakupeleka pande tofauti kabisa, na ukizichanganya utashusha turbo nzima kumbe shida ilikuwa filta ya dizeli.

Ukikuta P0299, fungua kwanza filta ya hewa. Vumbi la kushuka Natron ni laini kama unga wa sembe, na siku tatu za msafara, gari lako likiwa la nyuma, zinatosha kuiziba. Ukiitoa, usikimbilie kuigonga. Ingiza kidole kwenye bomba la upande wa injini, mahali ambapo hewa imeshachujwa, upapase. Kidole kikirudi kisafi, filta inafanya kazi, ikung'ute taratibu na uirudishe. Kidole kikirudi na vumbi, filta haikai vizuri kwenye nyumba yake na injini imekuwa ikila mchanga. Huo mchanga unasaga ringi za pistoni, na hapo hakuna gari jipya wala la zamani. Paka grisi kidogo kwenye ukingo wa mpira wa filta, hakikisha klipu zote zimeshika, na ukifika mjini uweke mpya.

Kisha fuata mabomba ya mpira kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Yakiachia au yakipasuka utasikia upepo ukifoka kila unapokanyaga mafuta, na nyuma utaona moshi mweusi, kwa sababu dizeli imeingia bila hewa ya kuichoma. Pale penye mpasuko vumbi hulowa oili na kuwa kama ugoro. Na hapa wapenzi wa magari ya zamani wanisikilize: bomba la turbo la gari jipya nalo linakubali mpira wa tyubu na klipu mbili. Nimeona mtu akitoka Loliondo hadi Karatu hivyo, taratibu, bila kupanda sana mzunguko wa injini.

Linamisi, linazimika, asubuhi haliwaki

Kama kodi ni P0087, au gari linakohoa na kuzima, tatizo liko kwenye dizeli mpaka ithibitike vingine. Hapa ndipo gari jipya linapostahili kuogopwa.

Niliitwa usiku mmoja, gari limelala njia ya kwenda Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, na wageni ndani. Dereva kijana, sauti imekauka.

"Shikamoo fundi. Gari limekataa kabisa."

"Marahaba. Mafuta uliweka wapi?"

Kimya. Halafu: "Ya kwenye madumu, fundi. Kituoni yalikuwa yameisha."

Tulilegeza kizibo cha chini cha filta, tukakinga kwa chupa tupu ya maji ya kunywa, tukaisimamisha juu ya boneti na kuimulika tochi. Baada ya dakika kumi mambo yalijitenga: juu dizeli ya rangi ya dhahabu, chini vidole viwili vya maji, na katikati yake utando mweusi unaoteleza kama mlenda. Ule ni uchafu unaoota mahali maji na dizeli vinapokutana kwa muda mrefu. Tulimwaga, tukabadilisha filta, tukabonyeza pampu ya mkono hadi ikawa ngumu, gari likawaka. Alikuwa na bahati, maana kompyuta ilikuwa imekataa mapema.

Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za safari, nozeli zake, vile vidude vya kupulizia dizeli, hufunguka kwa presha isiyofika bar 200. Injini ya dizeli ya kisasa yenye reli husukuma mafuta kwa presha inayopita bar 2,000, na nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli ni maikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe ambayo 1HZ ingeimeza na kuitema, kwenye reli inakwaruza. Na maji kwenye presha hiyo yanaweza kung'oa ncha ya nozeli.

Kuna jambo ambalo chupa haitakuonyesha: mafuta ya taa. Dizeli iliyochakachuliwa haijitengi, inabaki safi na ya kupendeza. Mafuta huwekwa vinasaba, yaani alama ya siri, ili kuwanasa wachakachuaji, lakini wewe porini huna mashine ya kuvipima. Unachoweza kukisikia ni injini kupiga kwa sauti kavu, kali kuliko kawaida. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa dizeli, na pampu ya presha hulainishwa na hayo hayo mafuta yanayopita ndani yake. Pampu ya 1HZ nayo huumia, ila hufa polepole. Ya kisasa ikianza kujila, inatuma vipande vya chuma hadi kwenye nozeli zote.

Kwa hiyo unapobadilisha filta njiani, mimina kilichobaki kwenye kitambaa cheupe na ukimulike. Ukiona kitu kinametameta kama rangi ya kucha, acha kuwasha. Tafuta wa kukuvuta. Kila dakika ya kuendelea inaongeza nozeli nyingine kwenye bili.

Magari yanayoishi huko nayafungia filta ya pili yenye kitenga maji, na dereva anabeba filta mbili za akiba, siyo moja. Filta moja ya akiba inakwisha kwenye tangi lile lile chafu lililoua ya kwanza.

Taa ya chujio la masizi inawaka

Kwanza jua kama gari lako linalo. Mengi yanayouzwa mapya kwa soko letu hayana chujio la masizi, yaani DPF. Yanayoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani na Uingereza mengi yanalo, na baadhi yanahitaji pia AdBlue, ule mchanganyiko wa urea na maji. AdBlue ikiisha, gari linakuonya kwa kilomita nyingi, kisha ukizima haliwaki tena. Hilo nalo ni kukataa, na dawa yake ni dumu moja nyuma ya kiti, kwa sababu ukishapita Karatu usitegemee kuikuta dukani.

Chujio hujisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto linalofika nyuzi 600 hivi. Kuzunguka hifadhini kwa spidi 25 kutwa nzima, kusimama kwa ajili ya simba, kuzima, kuwasha, hakulipi nafasi. Taa ikiwaka ikiwa bado ya njano, ingia barabara kubwa, endesha bila kusimama kwa dakika ishirini au zaidi huku mzunguko ukiwa juu kidogo. Kama gari lina kitufe cha kuchoma masizi lenyewe, simama penye udongo mtupu kabla ya kukibonyeza. Nyasi kavu chini ya bomba lenye joto hilo zinashika moto.

Watu hudhani teknolojia hii inashindwa porini tu. Australia, nchi yenye nyika na usukani wa kulia kama wetu, kesi kubwa ilihusu mambo tofauti. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zipatazo 264,000, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa chujio hilo, na hali iliyokuwa ikizishinda ni kuendeshwa mfululizo kwa spidi ya kama 100. Lami nzuri, kwa maneno mengine.

Joto linapanda ingawa maji yapo

Mwezi Mei na Juni, nyasi zikiwa ndefu, angalia rejeta kabla ya kulaumu thamostati. Mbegu za nyasi huingia kwenye grili, hupita kondensa ya kiyoyozi na kujaa katikati, kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo macho hayafiki. Kwa mbele panaonekana pasafi. Mulika tochi kwa juu kati ya hizo mbili, utaona godoro. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, kinyume na upepo ulikoziingizia. Ukimwagia kwa mbele unazishindilia.

Kwa gari la otomatiki kuna joto la pili, la oili ya giaboksi. Likipanda kwenye mchanga mzito na taa yake ikawaka, weka P na uache injini iungurume. Wengi huzima kwa woga, na hapo oili inaacha kuzunguka huku joto likibaki ndani.

Taa za ABS, za kuteleza na za fowili zimewaka zote kwa pamoja

Dashibodi inakuwa kama mti wa Krismasi na dereva anaona gari limekwisha. Tulia. Breki za kawaida bado zipo, ulichopoteza ni msaada wa kompyuta. Nikiona zote kwa pamoja naenda moja kwa moja kwenye sensa za spidi za magurudumu. Lala chini, fuata waya mwembamba unaotoka nyuma ya kila gurudumu. Utaukuta umekatwa na jiwe, umetoka kwenye klipu na kusuguliwa na tairi, au tope la mbuga limekauka juu ya sensa kama tofali. Safisha, unganisha, funga vizuri. Taa zingine zitazimika zenyewe ukitembea kidogo.

Mbele kunagonga, usukani unacheza, gari linaelea

Hapa limevunjika, au linakaribia, na ninamlaumu dereva zaidi ya kiwanda. Barabara kutoka Naabi kwenda Seronera kiangazi ina mawimbi kama bati la nyumba. Gari la zamani lenye ekseli nzima mbele linakutesa mgongo hadi upunguze. Gari jipya lenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea linakubembeleza, redio inasikika, unajikuta uko 90. Barabara haijapungua ukali hata kidogo. Ila sasa kipigo chote kinamezwa na shokapu, bushi na boli jointi, na wewe huna habari.

Jaribio ninalolipenda: baada ya kilomita 30 au 40 za mawimbi, simama na usogeze kiganja karibu na kila shokapu, bila kuishika. Zinazofanya kazi zinakuwa za moto. Ile ya baridi ndiyo iliyokufa, kwa sababu haifanyi kazi yoyote. Kama zote zinaunguza na oili inatoka, punguza mwendo uzipumzishe.

Halafu inua gurudumu kwa jeki, weka kigogo chini ya fremu kwa usalama, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza hivyo, ni beringi ya habu au boli jointi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, ni ncha za usukani. Beringi za zamani unafungua, unaosha kwa petroli, unapaka grisi mpya na kukaza. Nyingi za sasa ni habu iliyofungwa kiwandani, ikianza kulia unabadilisha nzima, hivyo itafute kabla ya safari. Angalia pia mipira inayofunika viungo vya ekseli za mbele. Grisi ikiwa imerukia ndani ya rimu kama mate, mpira umepasuka, na kiungo kina siku chache vumbi lisipozuiwa.

Nusu ya kipigo hiki unaweza kukiondoa kwa upepo. Tairi yenye PSI 36 kwenye lami, ishushe hadi 26 au 28 unapoingia vumbini, na usipite spidi 70 au 80 kwa sababu tairi laini huchemka. Beba pampu ya kuirudishia. Wanaokuja na rimu za inchi 20 na tairi nyembamba huwa nawaambia ukweli mapema: hamna upepo wa kushusha.

Mlango wa nyuma haufungi vizuri, kuna mlio wa chuma

Simama kando ya pikapu, angalia mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma. Ukiwa mpana juu kuliko chini, chasisi imepinda. Sikumbuki mpindo wa namna hii uliotokana na barabara peke yake. Ni hesabu. Pikapu ya kebini mbili inabeba takriban tani moja, abiria wakiwemo. Toa bampa la chuma, hema la paa, watu watano, friji, tangi la ziada la lita 80 ambalo dizeli yake peke yake inakaribia kilo 70, na matairi mawili yaliyoning'inizwa nyuma kabisa. Hayo ya nyuma kabisa ndiyo mabaya, yanavuta chasisi kama nyenzo kila gari linapodunda. Wenye mifuko ya hewa kwenye springi wananishangaza zaidi: mkia unaonekana umeinuka, wanafurahi, kumbe mzigo wote sasa unasukuma sehemu moja ya chasisi badala ya mbili.

Gari la watalii lililorefushwa nalitazama kwenye maungio ya kuchomelea. Ufa mpya hujionyesha kama mstari mwembamba mwekundu wa kutu kwenye chuma kilichojaa vumbi la kijivu. Chora alama ya chaki kwenye ncha zake mbili. Jioni ukikuta umepita chaki, usibebe watu.

Baada ya kuvuka korongo

Difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, ikiwa ya moto na ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, hasa kipumulio chake kikiwa kimezibwa na tope. Kesho yake legeza bolti ya kujazia, chovya kidole. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, imwage yote. Hili halichagui gari la mwaka gani, ila mapya mengi yanahitaji oili maalumu ambayo hutaikuta Mto wa Mbu.

Na ufunguo wa kielektroniki ukilowa, usivunje kioo. Ndani yake kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, kisha kwa magari mengi ukigusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, injini inawaka.

Hitilafu inayokuja na kuondoka, na mashine haioni kitu

Hii ndiyo inayowapa magari mapya jina baya kuliko zote, na ninaanza kwa kuuliza swali ambalo mwenye gari hulipokea vibaya: ni nani aliyegusa waya? 1HZ inahitaji waya mmoja tu wa kufungulia mafuta. Ikishawaka, unaweza kuunganisha redio ya disko. Gari la kisasa kompyuta zake huzungumza kwa jozi ya waya nyembamba, na fundi wa taa za ziada akizichubua kutafuta umeme, kila mtikisiko unaleta ugomvi mpya kwenye dashibodi.

Mwaka jana nililetewa gari lililokuwa limeshabadilishiwa sensa mbili na kompyuta moja kwingineko. Lilikuwa linazima kwenye mawimbi tu, lami halina neno. Niliinua zulia chini ya kiti cha dereva. Waya wa friji ya soda ulikuwa umechomekwa kwenye kifurushi cha waya za gari na kuzungushiwa solotepu nyeupe, ile ya kufungia zawadi, na gundi yake imeyeyuka kwa joto. Nikaukata, nikaivutia friji umeme wake kutoka kwenye betri pamoja na fyuzi, nikamrudishia mwenyewe ile kompyuta ya zamani ndani ya boksi.